Mkataji Asiyependa Kupimwa

Mikono mia moja na ishirini, yote ya kushoto.

Hivyo ndivyo siku ilivyoharibika, na hata mchana ulikuwa haujaisha. Karakana ilikuwa imepata oda kubwa ya makoti ya wauguzi, kwa kitambaa cheupe chenye uso na mgongo: uso unang'aa, mgongo umefifia, kwa hiyo huwezi kukigeuza kipande ukajifanya hujui. Mkataji alitandika tabaka sitini mezani, akalaza juu yake karatasi yenye umbo la mkono, akaizungushia chaki. Akaihamishia pembeni, akaizungushia tena. Jambo moja alilisahau, jambo ambalo hata mwanagenzi wa wiki ya kwanza halisahau. Hakuigeuza karatasi. Mashine yenye kisu kirefu ikapita, na kilichokatwa hakiungwi.

Aliyegundua ni mzee wa pasi. Alikuja na vipande viwili, kimoja kila mkono, akavitazama kama mtu anayetafuta ndugu yake kwenye picha ya harusi.

"Mama," akasema, "hao wauguzi wa hospitali hiyo, wamezaliwaje?"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Mkataji naye akacheka, kwa sababu si mtu wa kununa, kisha akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili na kicheko kikamwishia mdomoni. Alijua kosa limetoka wapi. Tangu saa nne asubuhi miguu ilikuwa ikimuwaka, na alipokuwa akichora mkono wa pili, akili haikuwa kwenye karatasi. Ilikuwa chini huko, ikihesabu saa zilizobaki kabla ya kwenda nyumbani.

Mwanamke huyu watu walimwita Mkasi. Jina lilianza kabla karakana haijanunua mashine, siku ambazo kila kitu kilipita mkononi mwake, na mpaka leo mkasi mkubwa huning'inia kiunoni pake kwa utepe, ingawa siku hizi kazi yake kubwa ni kukata nyuzi na kunyooshewa wabishi. Alikuwa na miaka hamsini na moja, uso mwembamba, mabega membamba, mikono ambayo ungedhani ni ya msichana. Na kuanzia kiunoni kushuka, sketi. Sketi ndefu, pana, ya lastiki, inayofagia sakafu. Hakuna mtu hapo kazini aliyewahi kuona hata kifundo chake cha mguu.

Msimamizi alimwita ofisini. Alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na zaidi, na hakuwa mtu mbaya. Alifunga mlango kwanza, na hiyo ni adabu.

"Mkasi, mimi nimekukuta hapa. Sijawahi kuona mkono wako ukikosea."

"Joto, bosi."

"Joto lipo kila siku."

"Basi ni uzee."

"Uzee haukufika leo asubuhi." Msimamizi akashusha sauti. "Ni miguu. Nakuona mwenzio. Ikifika saa nane unasimama kama korongo, mara mguu huu, mara ule. Umeshajaribu kupunguza mwili?"

Mkasi akatazama ukuta. Swali hilo alikuwa amelisikia tangu ana miaka kumi na minne.

"Nimejaribu, bosi."

"Sikia. Oda hii inakwisha baada ya wiki saba. Ikiisha, napanga watu upya. Ukiwa bado katika hali hii, nakuweka kwenye vifungo. Utakaa, utapumzika. Nasema kwa kukupenda."

"Na mezani?"

"Mezani tutamweka mtu."

Vifungo si kazi ya aibu, na koti bila vifungo ni shuka tu. Lakini kumwambia Mkasi akashone vifungo ni sawa na kumwambia dereva wa treni ashuke akakate tiketi. Kazi ni kazi, ila treni inakwenda bila wewe. Alirudi mezani akakunja ile mikono ya kushoto, mmoja mmoja, na hakuna aliyemtania tena.

Miguu ile ilikuwa na historia. Alipovunja ungo ilianza kujaa, yote miwili sawasawa, kuanzia nyonga mpaka juu kidogo ya kifundo, na hapo ikakoma ghafla, kama mtu kafunga uzi. Nyayo zikabaki ndogo, za kuvaa kiatu namba thelathini na saba. Shangazi akasema, "Hiyo ni miguu ya ukoo wetu, ya mama yako na ya bibi yako," na mjadala ukafungwa. Alipojifungua mara ya kwanza ikaongezeka. Mara ya pili ikaongezeka tena. Sasa hedhi ilipoanza kukoma, miguu ilizidi kujaa. Aliruka chakula cha jioni kwa miaka, uso ukabonyea, mifupa ya shingo ikatokeza, miguu haikupungua hata inchi moja. Majirani wakasema anakula kwa siri. Na iliuma. Akigusa tu kona ya meza, asubuhi yake anaamka na doa la zambarau. Mumewe akimgusa kwa kiwiko usingizini, anapiga kelele. Ndiyo maana katikati ya kitanda chao kulikuwa na mto, ambao mume aliuita "mjumbe wa amani."

Huyo mume alikuwa kinyozi, mwenye chumba chake chenye kioo kimoja na viti viwili, na maneno mengi kuliko nywele anazonyoa. Zamani za uchumba alikuwa akimwita mkewe Nguzo. Siku moja mkewe akalia kwa ajili ya jina hilo, na kinyozi, ambaye alilitoa kwa mapenzi, akalimeza na hakulirudia tena.

Jioni ile ya mikono ya kushoto, Mkasi alimsimulia yote.

"Kwa hiyo una wiki saba," kinyozi akasema.

"Wiki saba."

"Na hospitali?"

"Hospitali wataniambia nipungue."

"Wakikwambia hivyo, mimi nitawaonyesha sahani yako. Kuku wa jirani anakula kuliko wewe."

Akaenda basi, kwa shingo upande. Daktari aliyemkuta alikuwa mwanamke mzee kidogo, miwani imeshuka puani, na hakuanza na mzani. Alimwomba apandishe sketi. Mkasi alipandisha mpaka magotini, akageuza uso dirishani, akasubiri ile hotuba. Haikuja. Daktari alibonyeza taratibu hapa na pale, akauliza panauma? panauma? akatazama madoa. Kisha akafanya kitu cha ajabu: akafinya ngozi ya juu ya kidole cha pili cha mguu, kwenye shina lake, akaivuta juu. Ikainuka.

"Nyayo zako hazina tatizo," akasema. "Nyayo ni za mtu mwingine kabisa. Mama yako alikuwa na miguu kama hii?"

"Yeye na bibi."

"Na ukijinyima chakula, unapungua juu tu."

Mkasi akageuka kutoka dirishani. "Nani kakwambia?"

"Miguu yako imeniambia. Mama, hii si tamaa ya chakula wala uvivu. Ni ugonjwa, na una jina: lipedema. Mafuta ya chini ya ngozi yanajikusanya miguuni, wakati mwingine na mikononi, na karibu wote wanaoupata ni wanawake. Yanauma, yanavilia damu upesi, na hayasikii njaa. Kula vizuri kwa ajili ya moyo wako, na usiongezeke uzito, lakini usijitese ukidhani njaa itayaondoa. Dawa ya kuyafuta sina. Dawa ya kupunguza maumivu na uzito wa miguu ipo, lakini ni kazi ya kila siku."

Mkasi alitoa kitambaa akapenga kamasi, akapenga tena. Miaka thelathini na saba amekuwa mshtakiwa, na leo mtu kamwambia hana kesi.

Daktari akampeleka chumba cha pili, kwa dada wa tiba ya viungo, binti mcheshi mwenye mikono ya nguvu. Yeye ndiye atakayemfundisha hiyo kazi ya kila siku: kutembea, hasa ndani ya maji yanayofika kifuani, kwa sababu maji yanabeba mwili na kukumbatia miguu, kuinua miguu jioni, kuipapasa taratibu kuelekea juu, na kuvaa soksi za kubana, ndefu mpaka mapajani, zinazofumwa kiwandani kwa vipimo vya mtu mwenyewe.

"Panda kitandani mama, nikupime."

Dada wa viungo akachomoa utepe wa kupimia. Mkasi akashika sketi yake kwa mikono miwili.

Mnahitaji kujua jambo moja hapa. Alipokuwa mwanagenzi, fundi aliyemfundisha ushonaji alikuwa akiwapima wanagenzi wake ili wenzao wajifunze. Zamu yake ilipofika, fundi alizungusha utepe kwenye paja lake, akaisoma namba kwa sauti kubwa kama anayenadi mali. Kisha akairudia, kwa sababu aliyeandika hakuamini. Wenzake walicheka mpaka mmoja akachomwa na sindano yake. Tangu siku ile hakuna utepe ulioshuka chini ya kiuno cha Mkasi. Maelfu ya watu amewapima yeye. Yeye mwenyewe hujishonea sketi kwa lastiki na kukisia.

"Hiyo fomu yako ina sehemu ngapi za kupima?" akauliza.

"Kumi na moja kila mguu."

"Nipe niende nayo nyumbani. Mwanangu, mimi kupima ndiyo kazi yangu. Nilikuwa napima watu wewe hujaota meno."

Dada wa viungo akasita. Utaratibu haukuwa hivyo. Lakini mtu aliyekaa na mkasi kiunoni ana namna yake ya kuaminika, na nje foleni ilikuwa ndefu. Akampa.

Mkasi akajipima chumbani, mlango umefungwa kwa komeo. Alijipima jioni, ametoka kazini, amesimama, akiinama na kuinuka huku utepe ukimponyoka. Namba alizozipata zilimtia kizunguzungu, lakini aliziandika kwa uaminifu. Kisha mkono wake ukafanya kile ambacho umekifanya maisha yake yote bila kuuliza. Kwenye kila namba akaongeza vidole viwili vya nafasi. Hakuna fundi duniani anayekata nguo sawasawa na mwili; mteja atakaaje, atapumuaje? Vidole viwili kifundoni, vidole viwili shavu la mguu, vidole viwili gotini, vidole viwili pajani. Kazi safi. Akaipeleka fomu akijisikia vizuri.

Baada ya wiki mbili soksi zikaja. Alizivaa nyumbani peke yake, na zilipanda bila taabu, akashangaa kwa nini watu huzilalamikia. Siku ya kwanza kazini zilikuwa raha. Siku ya pili zikaanza kushuka. Kufikia saa sita zilikuwa zimejikunja nyuma ya magoti na kujirundika vifundoni, na pale zilipojikunja zikakata nyama kama kamba ya mzigo. Kila baada ya dakika chache Mkasi alijificha nyuma ya majora ya kitambaa, anapandisha. Mzee wa pasi akamuuliza kwa heshima kama tumbo linamsumbua. Alivumilia wiki nzima hivyo. Miguu ikamuuma kuliko zamani, na sasa ilikuwa na mistari myekundu.

"Ni utapeli tu," akamwambia mumewe, akizitupa soksi kitini. "Nimebakiza wiki mbili na nusu. Bora nianze kuzoea vifungo."

Kinyozi alichukua soksi moja, akaingiza mkono wake ndani, akauzungusha. Mkono ukacheza humo kama ulimi wa kengele.

"Hii ndiyo ya kubana?"

"Ndiyo."

"Mbona haimbani mtu? Nani alikupima?"

Mkasi akaanza kukunja soksi ya pili.

"Mke wangu. Nani alikupima?"

"Mimi."

Kinyozi akakaa karibu yake. "Wahenga hawakuniacha nje," akasema. "Kinyozi hajinyoi. Nilijaribu mwaka ule, unakumbuka? Nilivaa kofia miezi miwili. Na mimi najua kunyoa."

"Sikutaka anione."

"Najua."

"Hata wewe hujaniona, taa ikiwaka, tangu lini?"

"Miaka kumi na mmoja," akasema kinyozi upesi mno, na wote wawili wakashtuka kwamba alikuwa akihesabu. Akajikohoza. "Nenda kwa yule binti kamwambie ukweli. Ukitaka nitakuja. Nitakaa nje, nitasema na watu wa foleni. Watapona kabla ya kumwona daktari."

Walikwenda asubuhi, wa kwanza kwenye mlango. Dada wa viungo aliisoma tena ile fomu, akazitazama soksi, akatazama mistari myekundu.

"Mama, niambie tu. Ulijipima saa ngapi?"

"Jioni. Baada ya kazi."

"Umelala?"

"Nimesimama."

"Ndiyo saa ambayo miguu imejaa kupita kiasi. Halafu?"

"Halafu nikaongeza vidole viwili."

"Wapi?"

"Kila mahali."

Binti akaweka fomu mezani polepole. Mabega yakaanza kumtikisika. Alijaribu kuwa mtaalamu, akashindwa, akacheka mpaka akashika ukuta, na Mkasi, ambaye alikuja tayari kulia, akajikuta anacheka pia. Nje kinyozi alisikika akiuliza foleni, "Sasa mnaona? Huko ndani kuna sherehe."

"Nisamehe mama," dada wa viungo akasema akijifuta macho. "Na kosa ni langu pia, sikutakiwa kukupa. Sikiliza. Soksi hii si vazi. Vazi linakufuata wewe; soksi inakuongoza. Inabana zaidi hapa kifundoni, halafu kadiri inavyopanda inalegea kidogo kidogo, ili majimaji yasukumwe kwenda juu. Ukiweka nafasi, hakuna anayesukuma. Ikijikunja, inakaba pasipotakiwa. Haitayeyusha mafuta, nisikudanganye. Lakini ikikaa sawa, saa nane mchana hutakuwa korongo."

Mkasi akainua kichwa. "Korongo amekwambia nani?"

"Wote wenye miguu hii husimama kama korongo."

Sasa Mkasi akaielewa, kwa njia ya ufundi wake. Alikuwa amekata kitambaa kinachovutika maisha yake yote. Alijua kipande kimoja kinaweza kukatwa kidogo kuliko mwili kwa makusudi, ili kishike. Alikuwa tu hajawahi kufikiri kwamba kushikwa kunaweza kuwa ndiyo kazi yenyewe.

"Wiki mbili zinatosha kuletewa nyingine?"

"Nikituma leo, zinatosha. Lakini leo napima mimi. Umefika asubuhi, vizuri. Lala, miguu juu ya mto robo saa kwanza."

Robo saa ile ilikuwa ndefu. Mkasi alilala akitazama dari, sketi bado imefika chini. Mwisho akasema, bila kugeuka, "Mwite mume wangu aingie. Ataandika namba. Mwandiko wake ni mbaya lakini ni mwepesi."

Kinyozi akaingia ameshika kofia. Mkasi akafumba macho, akapandisha sketi mwenyewe, mpaka juu.

Hakuna aliyenadi chochote. Dada wa viungo alipiga alama ndogo za kalamu kwenye ngozi, akazungusha utepe, akasema namba kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, na kinyozi akaandika. Kifundo. Juu ya kifundo. Shavu la mguu. Kwenye namba ya tatu Mkasi, macho bado yamefungwa, akasema, "Ongeza..."

"Mama!"

"Samahani."

"Nikisikia vidole viwili humu ndani, nakutoa nje."

Kwenye goti Mkasi akafumbua jicho moja. "Utepe wako umepinda huko nyuma."

Dada wa viungo akachungulia. Ulikuwa umepinda. Akaunyoosha, namba ikabadilika.

"Andika hiyo ya pili," Mkasi akamwamuru mumewe. "Na huko pajani usivute kwa kidole gumba, mwanangu, gumba linaongopa. Shika hivi." Akakaa, akamshika binti mkono, akamwonyesha jinsi ya kuuacha utepe ulale wenyewe. Wakamaliza mguu wa pili wakibishana kama wenzi wa kazi moja, na Mkasi alikuwa amekaa pale, miguu wazi kwenye mwanga wa asubuhi, kwa muda mrefu kabla hajakumbuka kwamba iko wazi. Alipokumbuka, alimtazama mumewe.

Kinyozi alikuwa ameshika kalamu lakini haandiki.

"Nini?"

"Hakuna," akasema. "Nilikuwa nimesahau una alama ya kuzaliwa hapo gotini. Nilidhani niliiota."

"Andika namba, baba."

Wiki mbili zile Mkasi hakukaa bure. Siku tatu kwa wiki alikwenda kwenye bwawa la shule iliyo jirani, saa ya akina mama, akatembea majini huku na huko, maji yakimfika kifuani. Kazini alijifunza kusimama kwa ujanja: anapanda kwenye vidole vya miguu, anashuka, anapanda, anashuka, huku mikono ikiendelea kuchora. Mzee wa pasi alimtazama siku mbili, siku ya tatu akauliza anaimba wimbo gani, naye aufuate. Jioni kinyozi alimpapasa miguu kama alivyoelekezwa, kwa wepesi wa mkono unaopita karibu na sikio la mtoto, na hakuongea hata kidogo, jambo ambalo wateja wake wasingeamini.

Soksi mpya ziliwasili siku ya Jumatano ya wiki ya mwisho. Hizi kuvaa ilikuwa vita. Dakika ishirini, na glavu za mpira, mume anavuta huku, mke anavuta kule, wote wanahema. Zilipokaa, Mkasi alisimama akasubiri kuumia. Zilibana. Zilibana kila mahali kwa pamoja, kama mtu anayekushika akusaidie kuvuka.

Alhamisi alikata mpaka saa tisa bila kuhamisha uzito mguu huu kwenda ule. Miguu ilichoka, ndiyo. Ilikuwa bado ni miguu ile ile. Lakini moto haukuwaka. Ijumaa alikata kola na mifuko ya mwisho ya oda, na saa tisa msimamizi akatoka ofisini na karatasi ya mpango mpya mkononi. Karakana ikapunguza sauti ya mashine, kwa umbea tu.

Msimamizi alifika mezani, akafungua mdomo.

"Bosi, kabla hujasoma," Mkasi akasema. "Uliniuliza kama nimejaribu kupunguza mwili, nikakujibu nusu. Hebu tazama."

Mzee wa pasi aliona mkono wake unakwenda kwenye sketi, akageukia ukuta kwa kasi ya kijana. Mkasi akapandisha sketi mpaka magotini, mbele ya mashine kumi na nne na wanawake wanaoziendesha. Soksi za rangi ya kahawia, zimekaa bila kunjo hata moja.

"Hii ni lipedema. Ni ugonjwa, ninao tangu usichana. Si chakula, si uzembe, na hautapona. Nilikuwa naficha, na kwa kuficha nikakuharibia mikono mia moja na ishirini. Sasa nimejua namna ya kuishi nao. Nahitaji kigoda kirefu hapa mezani, nahitaji kutembea kidogo kila baada ya saa moja, na nahitaji meza yangu."

Mwanamke wa vifungo, aliyekuwa karibu, alisogea akainama akatazama mshono wa soksi. "Kazi nzuri hii," akasema. "Nani kapima?"

"Watu watatu," Mkasi akajibu.

Msimamizi alitazama soksi, akatazama lundo la kola zilizokatwa sawasawa. Akakunja karatasi yake mara mbili.

"Saa nane unakaa," akasema.

"Saa kumi."

"Mkasi, usinijaribu. Saa nane na nusu."

"Saa tisa na nusu, bosi. Nakaa, lakini nachora nikiwa nimekaa."

"Saa tisa. Basi."

"Saa tisa," Mkasi akakubali, akashusha sketi. Ilikuwa ndiyo saa aliyoitaka tangu mwanzo. "Hebu niambie lakini. Meza yangu ulikuwa umempa nani?"

Msimamizi akajikuna shavu. "Sikupata mtu. Nilijiandika mimi mwenyewe."

Mzee wa pasi, uso bado ukutani, akasema, "Mungu mkubwa," na karakana yote ikapasuka. Mkasi alicheka mpaka akajishika mbavu. "Ungetumaliza vitambaa! Bosi, wewe huwezi kukata hata bahasha!"

"Ndiyo maana nilitaka ubaki karibu, kwenye vifungo, unipigie kelele." Msimamizi alikuwa anacheka pia, mashavu yamemwiva kwa haya. Alitazama saa ya ukutani, akavuta vigoda viwili kutoka chini ya dirisha, kirefu kwa Mkasi na kifupi kwake. "Saa tisa imeshapita. Kaa. Na kama unakaa, nifundishe basi. Nimechoka kusimamia kazi nisiyoijua."

Mkasi akakaa, akanyoosha miguu mbele yake, akatandaza kipande cha kitambaa kilichobaki. Msimamizi akachukua chaki.

"Si hivyo," Mkasi akasema. "Hiyo si kalamu, bosi, usiibonyeze. Ilaze. Haya, anza pale kwenye bega, uje taratibu."